Milioni nne na laki mbili, "kila kitu ndani": yaliyonipata nikihamisha hati ya nyumba

Jumanne iliyopita nimetoka ofisi ya ardhi na hati mkononi, majina yangu matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA. Kwenye daladala ya kurudi Kirumba niliibana kifuani chini ya khanga kama mtoto mchanga. Miezi kumi na tisa nimeisubiri karatasi ile.

Jioni hiyohiyo nikakuta ujumbe wa kijana mmoja wa Igoma. "Shikamoo dada. Nimepata kiwanja chenye hati, muuzaji hana tatizo, wakili anasema uhamisho ni milioni tatu na nusu, kila kitu ndani. Nilipe?" Niliposoma hayo maneno "kila kitu ndani" mkono ulinitetemeka. Nikamjibu: usilipe kwanza, mdogo wangu. Halafu nikaona jibu la mstari mmoja halimtoshi, wala haliwatoshi ninyi wengine mnaojinyima kama yeye ili siku moja mlale kwenye nyumba isiyo na mwenye nyumba.

Mnaonisoma siku nyingi mnajua nauza dagaa kwa jumla pale soko la Mwaloni, Mwanza. Aprili 2024 nilipata nyumba ya vyumba vitatu, Manispaa ya Ilemela, bei Sh 38,000,000. Fedha hiyo ilinichukua miaka tisa. Muuzaji alikuwa mzee mstaarabu, nyumba alikuwa ameipangisha na wanawe wote wamehamia Dar es Salaam. Aliyetuandikia mkataba tulikuwa tunasali naye, mke wake ni shoga yangu. Ana ofisi, ana mhuri, ana tai. Akaniambia uhamisho ni Sh 4,200,000, kila kitu ndani, nisihangaike na foleni. Nikamtumia kwa simu kwa mikupuo miwili. Sikuomba mchanganuo. Niliogopa nikiuliza ataona simwamini.

Mimi huyuhuyu! Gunia la dagaa likishushwa kutoka visiwani nalifungua mdomo, nazamisha mkono mpaka katikati, nachota, nanusa, natafuna mmoja nisikie kama ana mchanga. Mvuvi ambaye nimefanya naye kazi miaka kumi hanuni. Anajua ndivyo biashara ilivyo. Lakini mbele ya mtu mwenye mhuri nilifumba macho na kutoa fedha za magunia mengi bila hata kugusa.

Kila nikipiga simu, faili liko kwa mthamini. Mara liko mezani kwa mkubwa. Mara mtandao unasumbua. Mwezi wa saba nikaenda mwenyewe, nikaambiwa hakuna maombi yoyote ya uhamisho yaliyopokelewa kwa hati ile. Hakuna fomu, hakuna kodi iliyolipwa. Mwanangu akatafuta jina la yule mtu kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, ambako mtu yeyote anaweza kuhakiki wakili. Jina halimo. Kumbe aliwahi kuwa karani kwa wakili, akajifunza kuandika mikataba, akachonga mhuri. Mawakili vishoka, ndivyo watu wanavyowaita. Mpaka leo nimerudishiwa Sh 900,000 tu. Mke wake tukikutana sokoni anageuza uso. Imeniuma, na bado inauma.

Aliyeniokoa ni wakili wa kweli, mama wa makamo, mpole lakini hachekicheki. Alichukua karatasi nyeupe akachora mstari katikati. Upande mmoja akaandika "Serikali", upande wa pili "Mimi". Karatasi ile ninayo.

Upande wa serikali kulikuwa na ushuru wa stempu, ambao kwa nyumba kama yangu ni kama asilimia moja ya thamani. Tena si lazima iwe thamani mliyoandikiana. Mthamini alipokuja aliipa nyumba Sh 46,000,000, kwa hiyo ushuru ukawa Sh 460,000 hivi badala ya 380,000 niliyoitarajia. Unatakiwa kulipwa ndani ya siku 30 tangu mkataba usainiwe, na mimi nilikuwa nimepitisha miezi, kwa hiyo na adhabu ikafuata. Kuna gharama ya uthamini, ada za kibali na za usajili, na kama muuzaji anadaiwa kodi ya pango la ardhi, deni linamalizwa kwanza. Zote hizi zina namba ya kumbukumbu ya malipo. Unalipa mwenyewe benki au kwa simu, na risiti inakuja kwako. Hakuna sababu fedha ya serikali ipitie mfukoni kwa mtu.

Kisha ikaja kodi iliyonitoa machozi, kodi ya ongezeko la mtaji. Hii inatozwa kwa anayeuza, kwa kuwa ndiye aliyepata faida, na bila cheti cha TRA Msajili wa Hati hasajili uhamisho. Kwa mkazi wa Tanzania ni asilimia 10 ya faida. Asiye na kumbukumbu za gharama zake, tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2023, anatozwa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Mzee hakuwa na risiti hata ya mfuko mmoja wa saruji. Asilimia 3 ya milioni 46 ni Sh 1,380,000. Laiti angekuwa ameishi mle mwenyewe miaka mitatu au zaidi na faida isizidi Sh 15,000,000, angeweza kusamehewa, lakini alipangisha.

Nikasema basi mzee alipe. Yule mama akageuza mkataba wangu, akaweka kidole kwenye kifungu cha sita: "Gharama zote za uhamisho zitakuwa juu ya mnunuzi." Akaniuliza, "Hiki ulikisoma?" Nilikisoma. Nilidhani ni nauli na mihuri. Mzee nilipomfuata Nyakato alinikaribisha chai, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, tulisaini wote." Nikalipa.

Upande wa "Mimi" ulikuwa na mstari mmoja, ujira wake. Aliniambia kuna amri ya malipo ya mawakili ya mwaka 2015 inayoweka viwango, tukazungumza tukaelewana, akaongeza VAT ya asilimia 18 na kunipa risiti ya EFD siku ileile. Kwa ujira huo alifanya upekuzi wa hati, yaani kuhakikisha kwa Msajili kwamba hati ni ya muuzaji kweli na haina deni, akajaza fomu za uhamisho namba 29, 30 na 35, na akadai ridhaa ya mke wa mzee kwa maandishi, jambo ambalo yule wa kwanza hakuligusa kabisa.

Ndugu zangu, tuache aibu. Aibu ya kuuliza fedha inakwenda wapi ndiyo inayotufilisi. Omba mchanganuo kabla ya kusaini, ya serikali mbali, ya wakili mbali, na kila mstari uandikwe nani analipa, wewe au muuzaji. Neno "gharama zote" likatae, lifutwe, mtaje moja moja. Mhakiki wakili hata kama mnaimba naye kwaya. Omba mchanganuo, nasema tena. Na ofisi ya mtaa ikikudai asilimia kumi ya bei ya mauzo, uliza ni ya sheria gani. Mimi niliuliza, nikaambiwa "ni utaratibu", sikutoa.

Kijana wa Igoma ameniandikia tena leo asubuhi. Wakili wake hakununa, amempa karatasi yenye mistari saba. Wa tano ni kodi ya ongezeko la mtaji, na mbele yake pameandikwa "mnunuzi". Nimemwambia asisaini, arudi kwa muuzaji na karatasi hiyo mkononi. Wanakutana Jumamosi.