Munster washinde, waitwe wa Leinster?

SWALI: Assalaam alaykum, Mhariri. Barazani kwetu Wete kahawa ilitupoa vikombeni tukibishana juu ya raga ya Ireland. Ikiwa Munster wamewafunga Leinster katika mchezo wa watani, vipi kocha wa taifa awajaze tena vijana wa Leinster? – Msomaji, Pemba.

JIBU: Waalaykum salaam. Ubishi wenu naufahamu, kwani sisi wa Simba na Yanga tumezoea kumpima mchezaji kwa mechi moja ya watani. Kikosi cha mechi ya kimataifa huwa na wachezaji 23, na sita kati yao lazima wawe wamefunzwa kucheza mstari wa mbele wa skramu, yaani ule msukumano wa timu mbili kugombea mpira, pale mabega yanapogongana na shingo isiyozoea huweza kuumia vibaya; winga aliyeng'ara Limerick, nyumbani kwa Munster, hawezi kuijaza nafasi hiyo. Leinster, wenye makao yao Dublin, huvuna vijana wengi kutoka skuli za huko zinazolea raga, na waliozoeana klabuni huelewana haraka. Munster nao si wa kubezwa (mwaka 1978 waliwafunga New Zealand 12-0 pale Thomond Park), na mchezaji wao akifanya vyema msimu mzima kisha akaachwa, hapo nami nitakaa upande wenu kumdai kocha maelezo.