Choo cha majivu kwa sisi tunaochamba kwa maji

Mkuu umeuliza kama choo kisichotumia maji kinaweza kukaa kwenye nyumba ya kawaida ya familia, na sisi tunaochamba kwa maji tunakiwezaje. Mi ninacho huu mwaka wa tatu, niko Kigamboni, tupo watano nyumbani, ngoja nikuelezee nilivyopitia.

Kisima chetu maji yake yana chumvi, kwahiyo tanki la lita 2,000 tulikuwa tunalijaza kwa boza kila wiki. Siku moja nikakaa nikapiga hesabu, sinki la kuflashi linakula lita 6 mpaka 9 kila ukivuta, watu watano mara tano kwa siku, hapo kwa uchache ni lita 150, yaani madumu saba na nusu ya maji niliyoyalipia yanaenda shimoni kila siku. Na shimo lenyewe, mchanga wa huku ukichimba kidogo tu umeshakutana na maji, masika ikifika linajaa mpaka juu na kisima cha jirani hakiko mbali, hilo ndo lilikuwa linaninyima usingizi kuliko hata hela.

Hiki choo hakichimbwi, kinajengwa juu ya ardhi. Vyumba viwili vya tofali, kila kimoja kama mita moja kwa mita moja, sakafu ya zege, nyuma kuna kimlango cha kutolea. Juu kuna slabu yenye tundu kwa kila chumba, na mbele ya tundu kuna kijisinki cha kupokea mkojo, unapita kwenye bomba mpaka kwenye dumu. Kutenganisha ndo kila kitu, kinyesi kikiwa kikavu hakinuki na nzi hawakisumbui, kikilowa tu umekwisha. Ukimaliza unatupia kopo la majivu, sisi tunachanganya na maranda ya kwa seremala. Bomba la hewa linapita juu ya paa na mdomoni lina wavu. Chumba kikijaa unakifunga, unahamia cha pili. Vietnam vijijini wanatumia vyoo vya vyumba viwili namna hii tangu miaka ya 1950, kwahiyo si kitu kipya.

Sasa kuchamba. Fundi alijenga kama mchoro ulivyo, na mchoro haukuwa na sehemu ya kuchambia. Miezi miwili maji yote yakawa yanaingia chumbani. Mama mkwe akaja kufunga na sisi Ramadhani, mimi hakuniambia kitu, alimwambia binti yake: "Mwanangu, mwambie mwenzio kile choo kina funza." Nilijisikia vibaya sana siku ile. Nikamwagia viroba viwili vya majivu, fundi akarudi akajenga kando ya tundu kibaraza kidogo chenye mteremko na bomba lake, maji ya kuchambia yanaenda kwenye shimo fupi la kokoto, pembeni nimepanda migomba. Unamaliza, unasogea hatua moja, unachambia pale, na kopo na ndoo vinakaa upande huo huo ili mtu asisahau. Mama alivyorudi mwaka uliofuata alikaa mwezi mzima, akaondoka na mche wa mgomba.

Chumba cha kwanza kilichukua miezi 13 kujaa, kikakaa kimefungwa miezi mingine 13. Shirika la Afya Duniani linataka zaidi ya mwaka kwa joto kama letu, maana mayai ya minyoo ni magumu kufa, usije ukafungua mapema kwa kuona kumekauka. Siku ya kubomoa kile kimlango nilivaa glavu na kitambaa puani, kitambaa nikakivua mwenyewe. Ni udongo mweusi, mkavu, una mabonge ya majivu ukiyabana yanasagika, unanukia kama shamba baada ya mvua. Viroba sita. Nimeweka kwenye michungwa tu.

Mkojo unachanganya dumu moja kwa nane ya maji, unamwagia chini kwenye shina la mpapai au mgomba, si kwenye majani ya mchicha, na ukibaki mwezi kabla ya kuvuna unaacha. Bomba lake lazima liwe na mteremko mzuri maana linajenga magadi ndani na kuziba, mi namimina siki na maji ya moto kila baada ya wiki chache. Watoto nao wafundishe mapema wasitupie majivu kwenye kijisinki cha mbele.

Saivi tanki linafika karibu wiki mbili.

Kwa nyumba ya wapangaji familia tano sikushauri, majivu yakiisha kila mtu anamwachia mwenzie. Ila kama nyumba ni yako, nyuma una nafasi ya mita mbili na nusu kwa moja na nusu, na mama lishe wa karibu anaweza kukuwekea majivu ya mkaa, unaweza kuanza hata mwezi huu.