Tumeoana Kimyakimya: Sasa Tusherehekee Vipi?

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wasomaji waliofunga ndoa bila kadi, bila kamati, na wengine bila wazazi kujua. Hakuna aliyeuliza kama alifanya vema au vibaya. Wote wanataka kujua la kufanya sasa, kwa hiyo hatuwaongezei mahubiri.

Tulifunga ndoa bomani wiki tatu zilizopita tukiwa na mashahidi wawili tu. Wazazi wa mke wangu bado hawajui. Rafiki zetu wanataka tuweke picha mtandaoni na tuandae sherehe. Tuanzie wapi? (Bwana mpya, Tabata, Dar es Salaam)

Picha zisubiri. Wazazi wakiipata habari hii kwa jirani mwenye simu, hawatalia kwa sababu ya ndoa, watalia kwa kuwa wa mwisho kujua, na donda hilo huchukua muda kupona. Wapeni siku kadhaa za kuijua peke yao kabla ya mtaa.

Msiende wenyewe mkononi mmeshika cheti. Tafuta mshenga, mtu mzima anayeheshimiwa na upande wa mke, kama mjomba, baba mdogo au mzee wa kanisani au msikitini. Atangulie na barua kama ya posa, aseme watoto wamekosea utaratibu na wanaomba kuurudia. Kinachofuata hutegemea kabila na familia, ila mara nyingi kuna faini ya kuchukua binti bila ruhusa, kisha mahari yenyewe, na vitu vidogo vyenye uzito mkubwa kama mkaja, yaani zawadi ya mama mzazi wa binti. Faini haina haja ya kubishaniwa sana. Ni mlango wa kurudi nyumbani. Mahari ndiyo ya kuzungumza taratibu, ilipwe kwa awamu ikibidi.

Ukiambiwa ndoa si ndoa kwa kuwa mahari haijatolewa, jua kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema vingine: kutolipwa mahari hakubatilishi ndoa. Lakini usilitamke hilo sebuleni kwa mkwe. Likusaidie kulala usiku tu, heshima uiletee njia yake.

Kabla ya yote hayo, chukueni cheti chenu mkisome herufi kwa herufi. Majina yalingane na vitambulisho vya NIDA, tarehe iwe sahihi, saini zote ziwepo. Kosa la herufi moja likionekana sasa hurekebishwa kwa urahisi. Likionekana miaka mitano baadaye, mnapoomba pasipoti ya mtoto au mnapofuatilia mafao, litawapeleka ofisi nyingi.

Tunataka kuwaita ndugu na marafiki wa karibu, watu 30, nyumbani kwa shemeji. Hatutaki ukumbi wala MC. Chakula kiwe kiasi gani, na tusikosee wapi? (Bibi harusi wa kimyakimya, Morogoro)

Mmefanya vizuri kukataa ukumbi. Wengi waliokwepa harusi kubwa huishia kuifanya ileile miezi miwili baadaye, kwa mkopo. Karamu yenu iwe chakula cha mchana kilichopikwa vizuri, basi.

Watu 30 wapikieni kama 35, maana hakuna anayekuja peke yake. Kilo moja ya mchele hutoa sahani saba za kushiba, kwa hiyo kilo 5. Nyama yenye mifupa kilo 5, viazi mviringo kilo 2, vitunguu maji kilo 2, saumu robo kilo, tangawizi robo kilo, mafuta lita moja. Viungo: binzari nyembamba gramu 100, pilipili manga gramu 25, iliki na karafuu gramu 15 kila kimoja, vijiti sita vya mdalasini. Kachumbari itakula nyanya kilo 3, vitunguu kilo 2 na ndimu kumi. Soda kreti tatu, na maji chupa mbili ndogo kwa kila mtu.

Pilau ya wingi huharibika kwa sababu nne. Ya kwanza ni sufuria moja kubwa: mchele wa juu unabaki kiini, wa chini unakuwa bokoboko. Gawanyeni kwenye sufuria mbili. Ya pili ni vitunguu. Rangi ya pilau inatoka hapo, kwa hiyo vikaangwe mpaka viwe kahawia iliyokolea, lakini vikigeuka vyeusi sufuria nzima inakuwa chungu na hakuna cha kuokoa. Ya tatu ni maji. Kwa kikombe kimoja cha mchele tieni kikombe kimoja na nusu cha supu iliyochemsha nyama. Mchele uliolowekwa unataka pungufu kidogo. Ya nne ni moto. Supu ikikauka na kuonekana vishimo juu ya mchele, punguzeni makaa ya chini karibu yote, funikeni, kisha palieni makaa mengi juu ya mfuniko kwa dakika 20 mpaka 30. Asiyepalia atakuwa amepika wali wa viungo. Wageni wakija saa saba, nyama iwe jikoni saa tatu asubuhi.

Kama mnataka ndafu badala ya keki, mwambieni mchomaji siku tatu kabla. Beberu wa kilo 12 mpaka 15 akishachunwa anatosha kundi lenu pamoja na pilau. Alale usiku mzima kwenye chumvi, ndimu, saumu na tangawizi, na achomwe kwa moto wa pole kwa muda wa saa nne hadi tano. Ndafu mbaya huonekana nzuri kwa nje huku maungio ya paja yana damu. Mwambieni mchomaji akate pale mbele yenu kabla haijapambwa kwa majani. Mkichagua keki, kilo 3 zinatosha, kila mtu kipande chake.

Jambo moja la kupanga ambalo watu wengi hulisahau: nani atasema maneno. Bila MC, mkae mkijua kwamba mzee mmoja wa kila upande atasimama dakika tano, baba wa mke akiwa wa mwisho. Mkiacha wazi, atasimama mtu ambaye hamkumtarajia na atasema yale ambayo mshenga alikwisha kuyamaliza.

Je, dini zetu zinasemaje kuhusu sherehe ya baada ya ndoa? Mimi Mwislamu, rafiki yangu Mkatoliki, sote tuliolewa kimya. (Msomaji, Tanga)

Kwako wewe, walima, yaani karamu ya ndoa, ni sunna, na makusudi yake mojawapo ni kuitangaza ndoa. Mtume alimwambia Abdurrahman bin Auf afanye walima hata kwa mbuzi mmoja, kwa hiyo udogo wa karamu si aibu. Ila kama ndoa ilifungwa bomani bila walii (msimamizi wa binti) wala khutba, muoneni kadhi au imamu kwanza, na walima ifuate.

Kwa rafiki yako, Mkatoliki aliyefunga ndoa ya bomani hajahesabiwa na Kanisa kuwa amefunga ndoa. Amwone paroko. Kutakuwa na mafundisho na matangazo, na padre ataomba vyeti vya ubatizo vya karibuni. Tarehe ya chakula ipangwe baada ya paroko kutoa yake, maana wanaotanguliza karamu hujikuta wakila sikukuu mbili.

Tuna siku sita na shilingi milioni moja na laki mbili. Tunatoka Dar. Tunataka fungate Unguja, lakini tumesikia bahari hukauka! (Mume na mke, Mbezi)

Haikauki, inakupwa. Lakini mnayo sababu ya kuuliza, kwa sababu hapa ndipo fungate nyingi huharibika: watu hulipia chumba kinachotazama bahari, wakiamka wanakuta mchanga na akina mama wanaolima mwani.

Pwani ya mashariki, yaani Matemwe, Bwejuu, Paje na Jambiani, maji hutoka mbali sana. Nungwi na Kendwa, kaskazini, yanatoka kidogo tu na mnaweza kuogelea karibu wakati wote, ila vyumba ni ghali zaidi na kelele ni nyingi. Fedha yenu inaelekea Jambiani, kwa hiyo jifunzeni mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huwa bamvua: tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3, na siku hizo pwani huwa kavu kabisa mnamo saa nne asubuhi, kisha hujaa mnamo saa kumi jioni. Juma moja baadaye ni maji mafu. Tofauti inakuwa ndogo, na maji yanajaa asubuhi mnapotaka kuogelea. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50. Pangeni safari iangukie maji mafu. Mkikosa, tumieni asubuhi kutembea hadi karibu na mwamba mkiwa na viatu vya mpira, kwani kuna viumbe vyenye miiba, na mrudi maji yanapoanza kugeuka, si yanapofika magotini.

Msimu nao una neno. Machi hadi Mei ni masika: vyumba hushuka bei sana na baadhi ya hoteli hufunga, lakini mvua inaweza kunyesha siku zenu zote sita. Juni hadi Septemba ni kusi, upepo wa kutoka kusini: hewa safi, bahari ina mawimbi. Kwenda Unguja upepo uko mgongoni, kurudi Dar mnaukabili, ndiyo maana wanaotapika hutapika wakati wa kurudi. Kaeni nyuma ya boti, sitaha ya chini, na dawa ya kichefuchefu imezwe saa moja kabla ya kuondoka. Safari huchukua muda wa saa mbili hivi. Bebeni vitambulisho vya NIDA, bila hivyo hamtakatiwa tiketi ya mwenyeji.

Fedha tungeigawa hivi: laki tano na nusu kwa usiku tano pamoja na kifungua kinywa, laki tatu usafiri, laki mbili na nusu chakula na matembezi, laki moja isiguswe. Usiku wa kwanza laleni Mji Mkongwe, tatu Jambiani, wa mwisho mrudi mjini ili boti isiwaache. Forodhani, kwenye vyakula vya jioni hapo mjini, ulizeni bei kabla sahani haijajazwa. Na wakati wa kuweka nafasi semeni kwamba ni fungate. Mara nyingi watawapamba kitanda kwa maua, pengine na keki. Nakala ya cheti iwe kwenye simu.

Kama mmoja wenu hapendi bahari, na hili halizungumzwi mpaka watu wamefika, nendeni Lushoto. Basi hupita Segera hadi Mombo, kisha barabara inapanda milima ya Usambara kwa kona kali. Juni hadi Agosti ni baridi ya kweli, tafuteni nyumba yenye mahali pa kuwasha moto, na mtembee hadi Irente kutazama nyika chini. Wakati wa masika udongo huweza kuporomoka barabarani, kwa hiyo msipange kurudi siku moja kabla ya kazi.

Mume wangu anafanya kazi Muscat. Amepata likizo siku tisa, tumeoana kimya, sasa nataka tusafiri pamoja. Tiketi niandike jina lake? (Msomaji, Pemba)

Hapana. Tiketi iandikwe jina lililo kwenye pasipoti yako, kama lilivyo, hata kama kila mtu anakuita Bi Fulani wa Fulani. Jina la tiketi likitofautiana na la pasipoti unaweza kuzuiwa uwanjani. Ukitaka kubadili jina, malizeni fungate kwanza, halafu ubadili kwa mpangilio: kitambulisho, pasipoti, kisha benki.

Katika siku zake tisa, mbili za mwanzo zisiwe na safari wala wageni. Anatoka kazini na ana uchovu wa njia.

Hatuna fedha ya kusafiri kabisa. Fungate ya nyumbani ni fungate? (Mke mpya, Mtwara)

Ndiyo asili yake. Neno lenyewe lina maana ya siku saba, na pwani siku hizo zilipita chumbani, chakula kikiletwa na somo, yaani mwanamke aliyemfunda bibi harusi, akiwahudumia maharusi. Rudisheni hilo. Waambieni ndugu watatu au wanne wanaoumia kwamba hamkuwaalika: kila mmoja alete chakula siku moja, agonge mlango, aweke, aondoke. Wanapata sehemu yao katika ndoa, nanyi hampiki. Simu zizimwe isipokuwa saa moja jioni. Asiyeweza kupata likizo ya siku saba achukue tatu zinazogusana na mwisho wa juma.

Chumba kifukizwe udi kila jioni: makaa mawili yaliyoshika vizuri kwenye chetezo, udi kidogo juu, dirisha wazi kiasi. Makaa yenye moshi huharibu harufu, na chumba kilichofungwa pande zote hukusanya gesi ya makaa ambayo huua, kwa hiyo chetezo kitoke kabla hamjalala. Asumini na mrehani vifungwe kikuba, yaani kishada kidogo cha kunukia.

Kwa hina, kandeni unga kwa maji ya ndimu au chai ya rangi, uache saa kadhaa mpaka utoe rangi, upake na kulala nayo saa sita hadi nane. Inatoka ya machungwa na hukolea kesho yake. Ukiambiwa kuna ya kukoleza weusi kwa nusu saa, hiyo ni piko, rangi ya nywele yenye kemikali inayoweza kuchoma ngozi na kuacha malengelenge na makovu. Ikatae hata ukipewa bure.