Mgongo Unaozidi Kuuma Ukiupumzisha

Kijana mmoja wa Wete kaniandikia wiki iliyopita. Ana miaka 24, mgongo unamsumbua tangu mwaka jana, eksirei imetoka safi, na kwao wameshamwambia anaukimbia msimu wa karafuu. Roho imeniuma, maana maneno hayo hayo niliambiwa mimi, na mpaka leo sijayasahau.

Nilikuwa na umri kama wake. Ikifika saa tisa za usiku maumivu yananiamsha, yamekaa ndani ya kalio, leo upande huu, kesho ule. Kujigeuza tu kitandani mpaka nishike ubao. Alfajiri msikitini rukuu yangu haifiki: mikono inaishia mapajani, na kuinuka kutoka sijda lazima nijikaze. Adhuhuri, nikishatembea na kuhangaika, narukuu kama watu wote. Basi watu wakahukumu: asubuhi mgonjwa, mchana mzima, huyu mvivu. Ami yangu aliyasema hayo mbele ya wageni, nami nimekaa pale pale.

Nilichuliwa, nikapigwa chuku, nikanyweshwa kombe, nikaambiwa ni ngiri. Sivibezi, dua za mamaangu nazitaka hadi leo. Hospitali nako nikapewa vidonge vya maumivu na kuambiwa nilale, nipumzike. Huko kupumzika ndiko kulikonimaliza. Nikishinda kitandani, jioni sinyanyuki.

Aliyenijua ni daktari mmoja wa mjini Unguja, na alianza kwa swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Ukipumzika unapata nafuu, au unazidi?" Kisha akanisimamisha, akatia alama ya kalamu kiunoni, usawa wa vile vishimo viwili vilivyo juu ya makalio, akapima sentimita 10 kwenda juu, akatia alama ya pili. Akaniambia niiname bila kukunja magoti. Kwa mtu mzima wa afya zile 10 hufika 15 hivi, au hupita. Zangu hazikufika hata 13. Akanionyesha utepe niusome mwenyewe. Akaniuliza na macho. Nikakumbuka jicho lililowahi kuniwiva jekundu, likawa halistahamili mwanga. Akasema hilo nalo ni ndugu wa maradhi yale yale.

Maradhi yenyewe yanaitwa ankilosing spondilaitisi, jamaa ya baridi yabisi inayoshika uti wa mgongo. Kinga ya mwili inageuka kuushambulia mwili wenyewe, hasa pale kano zinapojishikiza kwenye mfupa, na mara nyingi huanzia kwenye viungo vinavyounganisha uti wa mgongo na nyonga. Ukiachwa miaka, mfupa mpya unaweza kuota na pingili zikashikana. Eksirei huonyesha mfupa ulioharibika, na uharibifu huo huchukua miaka. MRI, picha inayopigwa kwa mashine ya sumaku, huonyesha uvimbe mapema zaidi. Yangu nilivuka kwenda Dar es Salaam kuipiga, na hapo jambo likawa wazi.

Kipimo cha jeni ya HLA-B27 kwangu hakikuionyesha, na daktari hakutetereka. Uhusiano wa jeni hiyo na maradhi haya umejulikana tangu 1973, na Ulaya wagonjwa wengi mno wanayo, lakini kwetu Waafrika ni adimu. Kwa hiyo mdogo wangu, asije mtu akakufukuza kwa karatasi hiyo moja. Vile vile alitaka kwanza kuhakikisha si kifua kikuu cha mgongo wala homa ile ya maziwa mabichi, ambayo kwetu yapo. Ukiwa na homa, jasho la usiku na kukonda, sema usiulizwe.

Sasa nisikilizeni, vijana wa Unguja na Pemba. Maumivu yaliyokuja polepole kabla ya miaka 45, yakapita miezi 3; ugumu wa asubuhi unaozidi nusu saa; kuamshwa usiku wa manane; nafuu ukitembea, adha ukilala. Yaandikeni, mwende nayo mkononi. Usimwambie daktari "mgongo unauma" ukanyamaza, kila mtu mgongo unamuuma! Mwambie unauma lini na unatulia lini. Na nyinyi dada zangu, mnaoambiwa ni uzazi au ni kazi za jikoni, maradhi haya yanawapata na wanawake pia.

Dawa za mwanzo ni zile za kushusha uvimbe, kama diklofenaki na ibuprofeni, lakini kwa mkono wa daktari, maana zinaumiza tumbo na figo. Zisipotosha zipo sindano kali zaidi, ghali, na kabla yake lazima upimwe kifua kikuu. Sigara iacheni, inauongezea mgongo ubaya. Na mazoezi ni ya kila siku. Bahari imetuzunguka, ogeleeni! Mimi naogelea, nanyoosha mgongo kabla ya kwenda msikitini, na karafuu nachuma. Ami yangu ananiona mtini.

Kijana wa Wete, swali lako la mwisho lilikuwa kuhusu jicho. Likiwa jekundu, likauma na kuukimbia mwanga, usitie tone la kununua dukani wala maziwa ya mtu. Nenda kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo, na umtajie mgongo.