Matundu matatu hayatoshi: kwa wanaoanza kujaza risasi wenyewe

Wageni wa kulenga shabaha hapa Marekani huuliza swali lilelile: niweke baruti kiasi gani kwenye ganda (kile kikopo cha metali kinachobeba baruti)? Jibu lipo kwenye kitabu cha kiwanda kilichotengeneza baruti uliyonunua. Usilitafute kwa jirani wa benchi, hata awe hodari vipi. Anza na kiwango cha chini kilichochapishwa, panda kidogo kidogo. Ukiona kifungio (sehemu inayofunga nyuma ya mtutu) kimekuwa kigumu kufungua, au kitako cha ganda kimepata alama inayong'aa, ishia hapo hata kama kitabu bado kinakuruhusu kupanda. Baruti nyingi huongeza msukumo kwenye joto, kwa hiyo kilichokuwa salama Januari kinaweza kuwa kikali mno Julai. (Ndugu mlioko Kenya na Tanzania, huko hili halifanyiki bila leseni. Msijaribu.)

Mezani liwe kopo moja tu la baruti. Ukimaliza kumimina, usikimbilie kushindilia vichwa (vile vinavyoruka kwenda kwenye shabaha). Weka trei chini ya taa, shika tochi, chungulia ganda moja moja uone kama baruti imefika kimo kimoja kotekote. Lililomiminiwa mara mbili linaweza kupasua bunduki usoni pako. Tupu nalo lina hatari yake: fataki (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti) peke yake inaweza kusukuma kichwa kikakwama ndani ya mtutu, na ukifyatua nyingine nyuma yake, mtutu unaweza kupasuka. Ukisikia mlio hafifu, simama, toa risasi zote, kagua mtutu. Na ukitoka hapo nawa mikono kabla hujagusa chakula, maana kuna madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwenye masizi ya fataki.

Tuje kwenye shabaha, ambako ndiko pesa na muda hupotea. Mgeni anapiga tatu, matundu yanagusana, anapiga picha na kutangaza kwamba kipimo chake amekipata. Lakini bunduki ileile, kwa risasi zilezile, kundi la matundu 10 kwa wastani hutanuka kama mara 1.6 ya kundi la 3 (hupimwa kati ya matundu mawili yaliyoachana zaidi). Isitoshe, makundi ya tatu tatu yenyewe hubadilikabadilika mno: leo nusu inchi, kesho inchi moja na zaidi, na hakuna ulichobadilisha. Anayelinganisha vipimo viwili vilivyoachana kwa grein 0.2 (grein moja ni kama gramu 0.065) kwa matundu matatu kila kimoja, analinganisha bahati na bahati. Piga 10 kwa kila kipimo, tena si kwa mfululizo mmoja wa mtutu uliochemka. Na lile tundu lililokaa peke yake pembeni lihesabu. Nawajua watu ambao kila tundu baya "walitikisika", kila zuri ni kazi ya baruti.

Kama makundi hayaridhishi, mimi ningebadilisha kichwa kwanza kabla ya kuhangaika na baruti. Mtutu na kichwa ndivyo vyenye kauli kubwa. Kisha maganda: yawe ya kiwanda kimoja na toleo moja (yaliyotengenezwa pamoja), yaliyofyatuliwa idadi sawa. Unapoyarudisha umbo, sukuma bega (pale ganda linapoanza kubana kuelekea shingoni) nyuma kama inchi 0.002 tu, ganda liingie chemba (nafasi yake nyuma ya mtutu) kwa urahisi. Ukizidisha, ganda linachoka na kukatika karibu na kitako.

Kipima mwendo wa risasi ni kifaa kizuri, ila kinatia watu wasiwasi usio na sababu. Kwenye yadi 100 tofauti ndogo za mwendo karibu hazionekani kwenye karatasi. Kwenye yadi 1,000 zitakuchorea mstari wa juu na chini. Mwindaji wa paa kwenye yadi 150 hana haja ya mizani ya baruti ya bei mbaya. Kundi la inchi mbili kwenye yadi 100 linamtosha kabisa.

Kila boksi liandike: baruti na namba ya toleo, kichwa, fataki, urefu wa risasi, tarehe. Ukifungua kopo la toleo jipya, hata liwe la jina lilelile, shuka chini uanze kupanda upya.