Kisu cha kukunja: tazama kinachouzuia ubapa usirudi

Mkuu, umeuliza kama kisu cha "kizazi kipya" ulichooneshwa pale sokoni Mwanjelwa, Mbeya, kina tofauti yoyote na cha marehemu babu yako, maana vyote vinakunjika na vyote vinakata. Mimi nabebesha miche ya parachichi (naunganisha kikonyo, yaani kijitawi cha mti bora, kwenye mche) huku Tukuyu, mwaka wa 11 sasa, kisu hakinitoki mkononi. Tofauti ipo. Kifungue, halafu jiulize: ni nini kinachouzuia ubapa usirudi?

Kwenye cha babu ni springi ya mgongoni tu. Ukikata kawaida haina neno, ila ukisukumia ncha ndani, ubapa unarudi. Ndivyo nilivyoumia. Nilikuwa natoboa kidumu cha kumwagilia, ncha ikanasa, nikakaza, makali yakafunga juu ya kidole cha shahada. Hadi leo asubuhi za baridi ya Juni kidole hicho hakikunjiki vizuri.

Mfano mzuri wa tofauti hiyo ni kisu cha Opinel cha Ufaransa. Ilianza mwaka 1890, na pete ya chuma ya kuzungusha shingoni ili kuufunga ubapa ikaja 1955. Mbao ni ileile na umbo lilelile, lakini mimi nakihesabu kizazi kingine kabisa, kwa sababu hiyo kazi ya kutoboa sasa unaifanya bila hofu. Marekani nako kisu cha Buck 110 cha 1964 kilivifanya visu vyenye kufuli la mgongoni (kipande cha chuma mgongoni mwa mpini kinachounasa ubapa, si springi tu) vipendwe sana. Ni imara, ila kizito, na kukifungua kulitaka mikono miwili.

Hapo ndipo kwa mtu wa kitalu jambo kubwa lilipotokea. Mwaka 1981 kampuni ya Spyderco ilitoa kisu chenye tundu la mviringo kwenye ubapa na klipu ya kukining'iniza mfukoni. Dole gumba linaingia tunduni, kisu kinafunguka kwa mkono mmoja. Wakati wa kubebesha mkono wangu wa kushoto umeshika kikonyo. Nikiweka kikonyo chini ili nifungue kisu, kinashika udongo na kukauka. Sijaona badiliko jingine lililonipunguzia kazi kama hilo.

Miaka hiyohiyo mtengeneza visu Michael Walker alibuni kufuli la bamba jembamba la ndani ya mpini, linaloruka na kukaa nyuma ya ubapa. Visu vingi vya bei nafuu sokoni leo vinatumia hilo, na nadhani hata hicho ulichooneshwa. Kasoro yake ni kwamba wakati wa kufunga, dole gumba liko kwenye njia ya makali. Kufuli la kitufe cha pembeni la kampuni ya Benchmade, la 1998, liliondoa hatari hiyo.

Chuma nacho kimebadilika, lakini hilo linahusu zaidi unanoa mara ngapi.

Kabla hujalipa, toa vidole kwenye njia ya makali, gandamiza mgongo wa ubapa kwenye ukingo wa meza. Bamba likiteleza hata kidogo, kirudishe. Na kama ni cha kubebeshea, angalia kimenolewa upande mmoja, ili ncha ya kikonyo unayoichonga kama kabari itoke bapa.

Cha babu kitunze, kata nacho vikonyo na menya matunda, ila usisukumie ncha yake popote pagumu. Ukishanunua kipya, weka hapa picha ya lile bamba likiwa limefunga, nikuangalizie limekaa wapi.