Malindi hadi Manda: dakika 28 au 40?

SWALI: Mimi ni nahodha wa mashua, nachukua abiria kwenye jeti ya Manda. Simu yanionyesha Malindi hadi uwanja wa Manda, huu wa ndege za Lamu, ni kilomita 141. Abiria wangu mmoja asema ndege yao ndogo huenda kilomita 300 kwa saa. Nikigawa napata dakika 28. Mbona tiketi yake imeandikwa dakika 40? Na mbona miezi ya kaskazi huzidi kuchelewa?
Nahodha, Langoni

JIBU: Nahodha, hesabu yako ni sawa kabisa. Nimeirudia kwa maili za bahari, kipimo chetu sisi sote wawili, wewe nahodha na mimi rubani, nikapata 76. Ndege ndogo ya Cessna Caravan ikienda noti 160, yaani maili 160 za bahari kwa saa, ambazo ni karibu hizo kilomita 300 zako, humaliza maili hizo kwa dakika 28 na nusu. Njia yenyewe imenyooka: ukitoka Malindi wakata Ghuba ya Ungwana, Kipini waiacha mkono wa kushoto. Basi la Mokowe, jeti ya bara ya kuvukia Lamu, lazima lizunguke bara kwa Garsen na Witu, zaidi ya kilomita 200.

Lakini hizo ni dakika za ndege iliyokwisha kushika mwendo. Tiketi huanza kuhesabu kabari zikitolewa magurudumuni Malindi, humaliza zikirudishwa Manda. Hapo katikati kuna kutembea chini hadi njia ya kurukia, kupanda kwa mwendo mdogo, na kupanga kutua. Na kutua, twatua tukiukabili upepo, kwa hiyo mara nyingine yabidi kuzunguka kwanza.

Sasa kaskazi. Kutoka Malindi kuja kwenu, dira yasoma karibu nyuzi 40, kaskazini mashariki, na huko huko ndiko kaskazi inakotoka. Ni upepo wa omo mtupu, watupiga usoni. Wewe ungepiga bisho, ukienda huku na huku. Mimi sina tanga, naukata hivyo hivyo na mwendo wapungua. Upepo ukiwa noti 20, zile 160 zabaki 140: dakika 33 hewani. Kurudi Malindi upepo uko tezi, nyuma yetu, twapata 180: dakika 25. Jumlisha uone. Kwenda na kurudi ni 58, ilhali siku shwari ni 57. Upepo haurudishi chote ulichochukua, kwa sababu tunakaa ndani yake muda mrefu zaidi unapotupinga kuliko unapotusukuma.

Kusi, upepo wa kutoka kusini, hutusaidia kuja Lamu, lakini si kwa nguvu yake yote, maana hutupiga kwa pembeni.

Kwa kazi yako, katika miezi ya kaskazi usiifuate saa ya tiketi. Mwambie abiria akutumie ujumbe ndege inapofunga mlango Malindi, kabla hajazima simu. Ongeza dakika 45, kisha mpe muda wa mikokoteni ya mizigo kufika jetini. Ukisikia mlio wa ndege ukiwa bado ng'ambo ya Lamu, vuka tu bila haraka. Utamkuta bado yuasubiri sanduku lake.